Meno Manne kwenye Ukingo wa Dirisha

Jumatatu, 3 Machi

Siku mbaya.

Binti yangu alikuja kutoka kliniki saa tano, Malkia mgongoni. Malkia ni mjukuu wangu, mwaka mmoja na miezi miwili, na jina hilo amelipata kwa jinsi anavyotuamrisha. Wiki iliyopita walimchoma kidole pamoja na watoto wengine wa umri wake. Leo nesi amesema damu yake imeonyesha madini ya risasi kuliko inavyotakiwa.

Nikasema mashine imekosea. Binti yangu akasema nesi naye anakubali kwamba kipimo cha kidole huweza kudanganya, kwa sababu vidole vya mtoto vina uchafu. Ndiyo maana leo wamechukua damu ya mshipani. Majibu wiki ijayo. Lakini nesi akauliza: mtoto huyu anashinda wapi?

Anashinda hapa! Na babu yake! Tangu mama yake aliporudi kazini!

Eti nyumba za zamani zina rangi za zamani, na rangi hizo zilichanganywa na risasi. Zikibanduka zinakuwa vumbi, vumbi linashika mikono, mikono inaingia mdomoni, na ubongo wa mtoto mdogo ndio unaoumia. Malkia hana dalili yoyote. Alicheka, akanivuta miwani, akala ndizi. Nesi anasema ndivyo ilivyo, madhara hayaonekani mapema. Nimeogopa zaidi.

Binti yangu akatoa hukumu. Malkia hatakanyaga hapa mpaka nyumba isafishwe na ipimwe. Kuanzia kesho atashinda kwa babu yake wa pili.

Babu wa pili ni baba wa mkwe wangu. Alikuwa mwalimu mkuu. Amestaafu kazi lakini hajastaafu ukuu. Mwalimu Mkuu ana nyumba mpya, vigae vipya, geti jipya, na kila ukimtembelea anakuonyesha vyote kwa mpangilio.

Na Malkia yuko karibu kutembea! Wiki nzima amekuwa akisimama kwenye dirisha la sebule yangu, ameshika ukingo, anatikisa makalio. Hatua ya kwanza ilikuwa iwe yangu. Sasa ataiona Mwalimu Mkuu, na ataiandika kwenye daftari pamoja na saa na dakika.

Naapa chanzo kiko kwake. Lile geti lake la kijani sijawahi kuliamini.

Jumanne, 4 Machi

Nilikwenda duka la vifaa vya ujenzi. Wanauza vijiti vya kupimia: unalowesha ncha, unasugua kwenye rangi, ikigeuka nyekundu kuna risasi. Nikachukua viwili. Kimoja cha geti la Mwalimu Mkuu. Cha pili cha nyumba yangu, kwa ajili ya haki tu.

Nikamtembelea, eti kumjulia hali Malkia. Kabla ya kubisha nikasugua geti. Hakuna kitu. Nikasugua tena kwa nguvu. Hakuna kitu! Nilikuwa nimepiga magoti nasugua bawaba ya chini geti lilipofunguka, na Mwalimu Mkuu akauliza kama nimepoteza kitu. Nikasema nilisikia bawaba inalia nikaona niipake mafuta. Akasema bawaba ina wiki tatu tangu ifungwe. Akanishukuru hata hivyo, kwa ile sauti yake ya kumsamehe mwanafunzi.

Malkia aliponiona alinyoosha mikono. Nikamshika dakika kumi. Mwalimu Mkuu akasimama pembeni muda wote, kama vile nitaondoka naye mfukoni.

Nikarudi nyumbani na kijiti cha pili. Nikaenda dirishani. Pale pale anaposimama Malkia, kwenye ukingo, kuna alama za meno yake manne. Mawili ya juu, mawili ya chini. Yaliota mwezi wa kwanza, na siku aliyoyajaribu kwenye rangi yangu nilicheka mpaka machozi. Nimeonyesha alama hizo kwa kila aliyeingia humu ndani. Mpaka mleta barua ameziona.

Nikasugua kijiti kando yake. Kikawa chekundu kabla sijahesabu tatu.

Nimekaa kwenye kochi muda mrefu. Mimi ndiye niliyemsogezea kiboksi cha kusimamia ili afike dirishani. Nilidhani namfurahisha.

Jumatano, 5 Machi

Nimeamka na mpango! Kwa nini kungoja mafundi? Rangi iliingia kwa mkono wa mtu na itatoka kwa mkono wa mtu. Nimefanya kazi ya karani wa bohari miaka thelathini na moja, najua vifaa. Jirani yetu seremala ana mashine ya msasa ya umeme. Dirisha moja, nusu saa. Sebule nzima, jioni. Kesho Malkia yuko kwangu na Mwalimu Mkuu hafui dafu.

Mke wangu alikuwa sokoni. Nikawasha.

Sijawahi kuona vumbi la namna ile. Dakika tatu tu, na picha ya harusi yetu ukutani ikatoweka. Ilibidi nipapase kutafuta mlango. Hapo mke wangu akaingia, akachomoa waya, akanishika shati na kunitoa nje bila kusema neno. Ndoa yetu ina miaka thelathini na nane. Akiwa hasemi ndipo mambo yameharibika.

Nikaoga mara mbili kwa amri yake. Nguo zangu zikafuliwa kwenye ndoo ya peke yake. Mlango wa sebule ukafungwa, ufunguo ukaingia kwenye mkoba wake.

Mchana akaja Fundi. Ni mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, kliniki ndio waliompa mke wangu namba yake. Kazi yake ni hii tu, kuondoa rangi za risasi kwenye majengo ya zamani. Alivaa barakoa nzito, akafungua mlango kidogo, akaangalia, akaufunga. Akauliza nani amepiga msasa mkavu. Nikasema seremala.

Seremala alikuwa amesimama nyuma yangu. Alikuja kuchukua mashine yake.

Fundi akanieleza polepole, kama vile mimi ndiye mwenye mwaka na miezi miwili. Rangi ikikaa imara ni afadhali. Ikibanduka ni hatari. Ikisagwa kavu ni hatari mara mia, kwa sababu vumbi lake halionekani lote na halikai mahali pamoja. Kazi iliyokuwa ya siku moja imekuwa ya siku tatu. Na mashine ya seremala haitawashwa tena mpaka ameisafisha yeye mwenyewe.

Nikajitetea kwamba nia ilikuwa njema.

Alhamisi, 6 Machi

Nyumba yangu imetekwa. Sebule na ukumbi mdogo vimezibwa kwa nailoni nzito, kila mwanya utepe wa gundi. Mapazia na makochi yalifutwa moja moja ndipo yakatolewa. Mimi na mke wangu tunaishi chumbani na jikoni, tunapita mlango wa nyuma.

Sheria za Fundi: Hakuna kufagia kwa ufagio mkavu. Hakuna kula karibu na kazi. Viatu vinavuliwa mlangoni. Mikono inaoshwa kwa sabuni kabla ya kugusa chochote kinachoingia mdomoni. Hakuna mtoto wala mjamzito kukaribia. Na hakuna babu kukaribia. Hiyo ya mwisho aliiongeza akiniangalia.

Nilichungulia kupitia nailoni. Kila kitu anakilowesha! Anapuliza maji kwenye rangi, anangoja, anakwaruza taratibu, mabaki yanaangukia kwenye nailoni yakiwa tope. Halafu anapuliza tena. Nikamwambia kupitia nailoni kwamba ningekuwa mimi ningetumia moto, rangi ikilainika inatoka yenyewe. Akasimamisha kazi, akasogea, akasema moto unageuza risasi kuwa mvuke, na mvuke huo ningeuvuta mimi wa kwanza. Akarudi kazini.

Nikaenda jikoni kumenya viazi. Nilitakiwa huko.

Leo amemaliza dirisha dogo, milango na fremu zake. Kesho ni dirisha kubwa. Dirisha la Malkia.

Ijumaa, 7 Machi

Sikulala vizuri kwa kuwaza yale meno manne.

Naandika haya kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia. Najua ni rangi mbaya. Najua imeingia kwenye damu ya mtoto. Lakini ni meno yake ya kwanza, na leo yangegeuka tope kwenye mfuko mweusi. Mwalimu Mkuu atakuwa na hatua ya kwanza. Mimi nitakuwa na nini?

Nikamwomba Fundi aache kipande kile tu, upana wa vidole viwili. Akakataa. Nikasema nitakiwekea kioo juu. Akakataa. Nikamwomba mke wangu anisemee. Mke wangu akaniuliza kama nimechanganyikiwa.

Basi nikala njama. Saa saba Fundi hutoka, anavua yale mavazi yake, anaosha mikono na uso, anakula chini ya kivuli cha ukuta wa nje. Dakika ishirini kamili. Saa saba na dakika mbili nilibandua utepe wa gundi chini kwenye kona, nikatambaa kwa tumbo. Sikuvaa barakoa, nilishika pumzi. Nilishika kwa kadiri mtu wa miaka sitini na sita anavyoweza. Nikafika dirishani. Nikaingiza kisu cha kukatia mkate chini ya rangi. Ikatoka! Kipande kizima, meno yote manne, hakikuvunjika!

Nikatambaa kurudi, nikabandika utepe, nikaenda chumbani na kandambili zangu nikijikausha kabisa. Nikakitia kipande kwenye bahasha. Bahasha imo ndani ya shajara hii, ukurasa wa tarehe nne. Shajara imo kwenye meza ndogo pembeni ya kitanda. Kisu nimekiosha. Nimekifuta tu, lakini vizuri.

Fundi alirudi kazini, akakwaruza ukingo wote, hakusema lolote. Hajagundua kitu! Miaka thelathini na moja bohari si mchezo.

Jumamosi, 8 Machi

Fundi amemaliza kukwaruza. Leo ni kusafisha tu. Alipitisha mashine ya kufyonza vumbi yenye chujio maalumu, kuanzia dari mpaka sakafu. Akapiga deki na ndoo mbili, moja ya sabuni, moja ya kusuuza, akibadilisha maji kila mara. Nailoni ikakunjwa kwa ndani, ikatiwa kwenye mifuko, mifuko ikafungwa. Akafyonza tena.

Halafu akachukua sampuli. Kitambaa chenye maji, anafuta mraba kwenye sakafu, mraba kwenye ukingo wa dirisha, kila kimoja kwenye kichupa chake. Vinakwenda maabara. Akasema kwa desturi yake huchukua pia kimoja nje ya eneo la kazi, kuhakikisha hakuna vumbi lililotoroka. Akachagua chumba chetu cha kulala.

Nikamwambia jikoni kuna mwanga mzuri zaidi. Akaenda chumbani.

Jioni Mwalimu Mkuu akapiga simu. Malkia amesimama bila kushika kitu, akahesabu mpaka nne. Nani alihesabu, yeye au Malkia? Nilimwuliza hivyo. Akasema yeye. Nikamwambia wazee wengine huhesabu haraka.

Jumapili, 9 Machi

Hakuna cha kufanya. Nyumba inanuka sabuni.

Mke wangu alinikuta nimesimama dirishani. Mbao ziko uchi, ukingo umekwaruzwa mpaka rangi ya asali. Akasimama pembeni yangu. Nikamwambia ninaogopa. Nikamwambia kwamba kama majibu ya damu yatakuwa mabaya, ni mimi niliyesogeza kile kiboksi. Akasema kiboksi alikileta yeye kutoka stoo. Sikujua hilo. Tukashikana mikono kama watu waliofiwa, halafu akaniambia nikaoshe mikono kwa sababu ni saa ya kula.

Jumatatu, 10 Machi

Fundi amekuja na majibu ya maabara. Sebule imefaulu! Sakafu safi, dirisha safi, ukumbi safi. Nilipiga makofi.

Chumba cha kulala kimefeli.

Fundi akasema haelewi. Chumba hakikuguswa, kiko upande wa pili wa nyumba. Akavaa barakoa, akatembea chumbani akiinama kama mtu anayefuata sisimizi. Kandambili zangu akazigeuza, akaziangalia chini. Akatazama sakafu kuanzia mlangoni mpaka mezani. Akasimama mbele ya meza ndogo, juu yake shajara hii.

Akauliza kama kuna kitu. Nikasema ni mambo yangu ya siri, ya moyoni. Mke wangu akasema baada ya miaka thelathini na nane moyo wangu hauna siri yoyote inayoweza kuzidisha kipimo cha risasi.

Nikakiri. Sikuwa na pa kukimbilia. Nikasema kisu, nikasema utepe wa gundi, nikasema pumzi. Mke wangu akauliza kisu gani. Nikasema cha mkate. Mkate wa leo asubuhi? Nikasema ndiyo. Akakaa kitandani.

Kilichonitoboa zaidi ni swali la Fundi. Hakupaza sauti. Akauliza Malkia akirudi hapa, anapanda kitanda cha nani?

Changu. Kila siku mchana analala kwenye kitanda changu, upande wa meza, na akiamka kitu cha kwanza anachokivuta ni shajara hii. Anapenda kutafuna kona zake.

Nilitoa bahasha kwa mkono wangu mwenyewe. Fundi akaiangalia ndani. Akakitoa kile kipande juu ya nailoni, akaniambia nilete simu. Nikapiga picha. Meno manne, yameonekana wazi. Halafu akakifunga mifuko miwili, akaondoka nacho.

Picha! Kwa nini sikufikiria picha?

Jumanne, 11 Machi

Fundi amesafisha chumba kizima. Kandambili zimetupwa. Kisu kimetupwa, na mimi na mke wangu tumepangiwa kwenda kupimwa. Shajara imefyonzwa kisha ikafutwa kwa kitambaa chenye maji, jalada na kila ukurasa mmoja mmoja. Tarehe nne imevimba na haisomeki vizuri. Fundi anasema hakusoma. Lakini alipofika Alhamisi, ukurasa wa mvuke, nilimsikia akicheka ndani ya barakoa.

Sampuli nyingine imekwenda maabara.

Jumatano, 12 Machi

Saa nne na robo simu ikalia. Binti yangu. Alikuwa analia. Nikaketi chini sakafuni, pale pale.

Analia kwa furaha! Damu ya mshipani iko chini! Chini ya kile kiwango cha kutia wasiwasi, chini sana kuliko kile cha kidole! Nesi amesema vidole vilikuwa na vumbi, ndiyo maana kipimo cha kwanza kiliruka. Kuna kidogo damuni, kitazidi kushuka kwa sababu chanzo kimeondolewa, na atapimwa tena baada ya miezi mitatu. Hahitaji dawa. Ale vizuri, aoshwe mikono, awekwe mbali na vumbi. Na nesi amesema tumewahi.

Tumewahi! Nimeliandika neno hilo mara mbili kwa sababu nalipenda.

Mke wangu alikuwa anapika. Nilipomwambia alizima jiko, akajifuta uso kwa kanga, akaliwasha tena. Nikampigia Fundi. Akasema anashukuru, na akauliza kama nimegusa chochote.

Nikampigia hata Mwalimu Mkuu. Akasema amekuwa akipiga deki nyumba yake mpya mara mbili kwa siku tangu Jumanne ile Malkia alipofika kwake, kwa hofu tu. Nikajikuta nampenda kwa kama dakika moja.

Ijumaa, 14 Machi

Chumba kimefaulu! Fundi alipaka rangi mpya jana, isiyo na risasi, na ukingo wa dirisha umekauka. Ameacha maagizo: kufuta kwa kitambaa chenye maji kila wiki, na nikiona rangi yoyote ya zamani inabanduka popote, nisiiguse, nimpigie. Nikaapa mbele ya mashahidi.

Malkia amerudi leo! Walikuja wote, binti yangu, mkwe wangu, na Mwalimu Mkuu na daftari lake. Tukamweka sakafuni. Akatambaa moja kwa moja mpaka dirishani, akasimama, akashika ukingo, akaulamba.

Sote tulishika pumzi. Halafu tukakumbuka. Tukacheka, Fundi naye, mlangoni, akicheka mpaka akajishika kiuno.

Malkia akageuka kutuangalia. Akaachia ukingo. Hatua moja. Ya pili! Akaanguka juu ya goti langu. LANGU! Mwalimu Mkuu alikuwa anatafuta kalamu, hakuona kitu!

Nimeoshwa moyo. Nina furaha ya mtu aliyetolewa mzigo kichwani. Nililia na sikujificha.

Jumamosi, 15 Machi

Mwalimu Mkuu hakubali kushindwa. Leo asubuhi ameleta zawadi: kigari cha kusukuma, kipya, cha plastiki, na karatasi ya kuthibitisha usalama wake. Ameisoma karatasi nzima kwa sauti. Malkia alikumbatia kigari na kunisahau kabisa.

Sikukubali. Nikatoka kimyakimya mpaka kwenye mnada wa vitu vya kale. Na hapo, nyuma ya makabati, nikakiona. Kitanda cha mtoto! Cha mbao ngumu, nguzo zimechongwa, kimelaza vizazi vitatu kwa maneno ya muuzaji. Na rangi yake! Nyeupe, nzito, inang'aa kama kauri. Siku hizi hakuna anayejua kutengeneza rangi ya namna hiyo. Imebanduka kidogo tu kwenye ubao wa juu, pale ambapo mtoto huegemeza kidevu akisimama. Si neno. Seremala ameshaisafisha mashine yake.

Nimekileta kwa mkokoteni, nimekiweka nje ya mlango. Naandika haya nimekaa pembeni yake nikingoja Malkia aamke.

Mke wangu ametoka, amekiangalia, hakusema neno. Amepigwa na butwaa kwa uzuri wake. Amefunga mlango na sasa namsikia akiongea na Fundi kwenye simu. Bila shaka anamsimulia. Mtu anayejua rangi lazima atakipenda.

Ameniambia kupitia dirishani nisisogee, nisiingie ndani, nisiguse kitu mpaka Fundi afike. Anataka nikilinde.